Tairi Halingurumi Bure



Wapo madereva ambao gari likianza kunguruma chini, dawa yao ya kwanza ni kuongeza sauti ya redio. Sisi wa redio tunapenda kusikilizwa, lakini si kwa namna hiyo. Mngurumo ule ni taarifa, na anayeipuuza huja kuilipia kwa fedha, na pengine kwa zaidi ya fedha.

Tairi la upepo lilibuniwa tangu mwanzo ili litulie. Robert William Thomson, Mskoti aliyesajili uvumbuzi wa gurudumu la upepo mwaka 1845, alitaja kupunguza kelele za magari ya kukokotwa kuwa moja ya shabaha zake. Hiyo ni miaka mingi kabla ya John Boyd Dunlop, ambaye tairi lake la mwaka 1888 ndilo lililopata sifa. Basi chombo kilichobuniwa ili kinyamaze kikianza kupiga kelele, inafaa tuulize sababu.

Hata hivyo, si kila kelele ni ugonjwa. Lami yenye kokoto kubwa huvuma kuliko lami laini, na matairi yenye kashata kubwa za kukamata tope hupiga kelele tangu yakiwa mapya. Kwa hiyo sikiliza kwanza. Kama sauti inabadilika unapotoka lami chakavu na kuingia lami mpya, mshukiwa ni tairi. Kama lami haiibadilishi, bali inazidi gari linapokata kona upande mmoja na kupungua upande wa pili, tilia shaka beringi. Gari likikata kulia, uzito huhamia magurudumu ya kushoto. Mngurumo ukizidi hapo, anza kuangalia beringi za kushoto. Kipimo hiki hakina gharama, nacho kimewaepusha wengi kununua beringi wakati ugonjwa uko kwenye tairi.

Sasa tulitazame tairi lenyewe. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zungusha usukani mpaka mwisho ili tairi la mbele lionekane lote, kisha zima injini. Lipapase kwa kiganja, taratibu, maana nyuzi za chuma zikiwa zimetokeza huchoma.

Likiwa limelika katikati, upepo umekuwa ukizidi. Likiwa limelika kingo zote mbili na katikati bado kashata zipo, upepo umekuwa ukipungua. Likiwa limelika ukingo mmoja tu, gurudumu limeinama au halielekei mbele sawasawa. Ukipapasa kutoka nje kwenda ndani ukahisi laini, na wakati wa kurudi ukahisi meno kama ya msumeno, ujue tairi linaburuzwa kwa ubavu kidogo kidogo katika kila mita unayokwenda. Na ukikuta mabonde na vilima kulizunguka lote, mtazame shokapu. Shokapu iliyokufa huliacha gurudumu lidunde, na kila linapotua linajichonga. Meno hayo na mabonde hayo ndiyo yanayonguruma.

Hapa ndipo fedha zinapopotea. Mwenye gari hulalamika kwamba gari lake linakula matairi, ananunua mapya, anapata utulivu kwa muda, kisha sauti ileile inarudi. Amebadili kilicholiwa, akamwacha mlaji. Utaratibu unaofaa ni huu: kwanza fundi akague shokapu, bushi, tairodi na boljointi, abadilishe zilizochoka. Baada ya hapo ndipo ifanywe alaimenti. Kufanya alaimenti juu ya bushi zilizolegea ni kutupa fedha, kwa sababu magurudumu hayatakaa pale yalipowekwa. Balansi nayo ina kazi yake: huondoa mtikisiko wa usukani gari linapokwenda kasi, lakini haiwezi kusawazisha tairi lililokwisha kuota meno. Tairi la namna hiyo litaendelea kunguruma hata baada ya ubovu kutengenezwa. Usimwone fundi wako mwongo.

Hatari kubwa zaidi, ndugu wasikilizaji, iko ukingo wa ndani. Tairi laweza kuonekana zima kabisa kwa anayelitazama akiwa amesimama, kumbe upande wa ndani limefika kwenye nyuzi. Mwezi Desemba familia hupakia watoto na mizigo, zikafunga safari ya kwenda bara kwa mwendo wa saa nyingi juani. Uzito, joto na kasi vikikutana juu ya ukingo kama huo, tairi hupasuka. Mvua ikinyesha, kipara nacho hakina mifereji ya kutoa maji, na gari huteleza wakati wa kushika breki. Kwa hiyo anayekagua lazima ainame.

Matunzo yenyewe si mengi. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likipata moto upepo hupanda na kipimo hukudanganya. Fuata kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo, si kiwango cha kujaza. Hamisha matairi ya mbele yaende nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, na yenye mshale yabaki upande wake. Na wewe unayenunua matairi ya mtumba, usihesabu kashata tu. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka hukauka na kuwa mgumu. Huvuma zaidi na hushika barabara kwa shida, hata kama kashata zake ni ndefu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, yazunguke matairi yote manne, uiname, upitishe mkono upande wa ndani. Ukikuta ukingo umekwisha, safari ya kwanza iwe ya gereji.

Hadi wiki ijayo, nawatakieni safari njema.