Matawi ya Uani: Kuyaozesha Badala ya Kuyachoma

Miti ya uani inapopogolewa, kaya nyingi za Majengo, mjini Moshi, hubaki na lundo la matawi ya miparachichi, migrevilea na michongoma ya uzio. Mara nyingi lundo hilo huwashwa moto jioni. Kwa kuwa nyumba zimekaribiana, moshi wake huingia vyumbani mwa majirani, akiwamo mtoto mwenye pumu na mzee mwenye mapafu dhaifu.

Kuni mbichi haziungui kikamilifu. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi pamoja na chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupita puani bila kuzuiwa na kufika kwenye vifuko vya hewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kwa mwenye pumu, moshi hubana njia za hewa; kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, huweza kumrudisha wodini. Hivyo, mhudumu wa afya anapomuuliza mgonjwa wa kikohozi kuhusu jiko la kuni, inafaa aulize pia kuhusu moto wa uani.

Njia mbadala ni mboji. Katika vihamba vya miteremko ya Kilimanjaro, samadi ya ng'ombe wa zizini imekuwa ikirudishwa migombani na kwenye kahawa kwa vizazi vingi. Matawi nayo yanaweza kurudi udongoni, ila yanahitaji subira. Mti una lignini, dutu ngumu ambayo huvunjwa hasa na kuvu. Aidha, kaboni iliyomo huizidi naitrojeni mara mia kadhaa, ilhali vijidudu vya kuozesha hufanya kazi vizuri uwiano ukiwa sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Ndiyo sababu lundo la matawi matupu hukaa muda mrefu bila kubadilika.

Kwanza, vitawi vyembamba vikatwe kwa panga vipande vya sentimita 2 hadi 5. Matawi manene yatengwe. Hufaa kulazwa kukingama na mteremko ili kuzuia mmomonyoko. Pili, vipande vichanganywe na majani mabichi, maganda ya ndizi na samadi ya ng'ombe au ya kuku. Tatu, lundo lifikie takriban mita moja kila upande, mbali na ukuta wa nyumba kwa sababu ya mchwa. Unyevu unatosha iwapo konzi ya mchanganyiko ikikamuliwa hutoa tone moja au mawili tu. Wakati wa masika lifunikwe ili lisilowe kupita kiasi.

Lundo lililochanganywa vizuri huweza kufikia nyuzijoto 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua vimelea vingi na mbegu za magugu. Ligeuzwe kila baada ya wiki mbili au tatu. Vipande vya mti huweza kuchukua miezi sita hadi mwaka, au zaidi. Visivyooza visifukiwe shambani, kwa kuwa vijidudu vitanyang'anya mboga naitrojeni na majani yatageuka manjano. Virudishwe katika lundo jipya.

Kazi hii ina tahadhari zake. Mboji ikigeuzwa hurusha mbegu za kuvu aina ya Aspergillus. Mtu mwenye afya kwa kawaida hazimdhuru, lakini huweza kuota katika mapango yaliyoachwa mapafuni na kifua kikuu na kusababisha kukohoa damu. Aliyewahi kuugua kifua kikuu, mwenye pumu kali au mwenye kinga dhaifu amwachie mwingine kazi ya kuligeuza, naye akae mbali. Anayeligeuza alinyunyizie maji kwanza ili kupunguza vumbi, avae barakoa, glavu na viatu vilivyofunika mguu, kisha anawe kwa sabuni. Bakteria wa pepopunda huishi katika udongo na samadi. Jeraha la mwiba wa mchongoma lisafishwe mara moja, na mwenye jeraha afike kituoni ili chanjo yake ikaguliwe.

Mgonjwa anayekohoa damu, au ambaye kikohozi chake kimezidi wiki mbili, asisubiri mboji iive; afike kituo cha afya bila kuchelewa.