Maharagwe Mafupi Katika Bustani ya Nyumbani

Miongoni mwa mboga zinazostahili kupewa nafasi katika kiunga cha nyumba, maharagwe mafupi, yale yaliwayo mabichi pamoja na maganda yake, ambayo wakulima wa Kenya huyaita mishiri, hayana budi kutajwa mapema, kwa kuwa kimo chake aghalabu hakizidi nusu mita, hayahitaji fito za kutambalia, na huanza kuchumwa takriban siku 50 au 60 tangu kupandwa. Walakini si kila ardhi iyapendayo. Hustawi penye ubaridi wa wastani, mathalan Lushoto, Arusha na nyanda za juu za Kenya. Ama pwani, joto likipita nyuzi 30, maua hupukutika kabla ya kutunga, na mkazi wa Tanga au Mombasa ni heri ayapande wakati wa kipupwe, la sivyo aridhike na kunde.

Wengi huyaharibu kwa ukarimu. Hudhani kuwa samadi ikizidi na mavuno yatazidi, ilhali maharagwe, kwa msaada wa bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake, hujipatia sehemu ya naitrojeni kutoka hewani, na yakishindiliwa samadi mbichi huota majani ya kupendeza macho yakasahau kuzaa. Mwenye shaka na ang'oe mche mmoja uanzapo kutoa maua, apasue kinundu kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi. Samadi iliyooza barabara, ikachanganywa na udongo kabla ya kupanda, yatosha.

Mbegu zifukiwe sentimita 3 hadi 5, sentimita 10 baina ya mche na mche, na 40 baina ya mstari na mstari. Desturi ya kuziloweka usiku kucha haifai hapa, maana hunywa maji kwa pupa zikapasuka. Linalotaka uangalifu zaidi ni uso wa kitalu: mche huchomoza ukiwa umekunja shingo, na kama mvua imeacha gamba gumu juu ya udongo, shingo hiyo hukatika chini kwa chini, nawe ukabaki kuilaumu mbegu. Gamba livunjwe kwa vidole, taratibu.

Kisha huja inzi wa maharagwe, mdudu mweusi ang'aaye, ambaye urefu wake ni wa milimita chache tu, naye ndiye wa kuhadhariwa kuliko wote. Hutaga mayai katika majani ya kwanza, na buu lake hupenya kikonyo, likashuka ndani ya shina mpaka usawa wa ardhi; hapo shina huvimba na kupasuka, majani hugeuka manjano, na mche hufa ungali wa wiki mbili tatu. Uliojeruhiwa kidogo huokoka ukiinuliwa udongo shinani, kwani huota mizizi mipya juu ya jeraha. Uliokufa ung'olewe na kuchomwa moto. Ama maradhi ya madoa, hayo husafiri kwa maji yashikayo nguo na mikono, basi usiingie kitaluni kabla umande haujakauka.

Kuchuma ni kila baada ya siku mbili, ganda likiwa na unene wa penseli, livunjikalo kwa mlio, na mbegu hazijatokeza. Shika tawi kwa mkono mmoja, uchume kwa mwingine, maana mizizi yake ni myepesi kung'oka. Mmea ulioachiwa mbegu zikomae hupunguza maua, kisha huacha kabisa. Watoto wakatazwe kuyatafuna mabichi bustanini, kwa kuwa yana sumu ambayo huondoka kwa kuchemshwa vyema.

Mavuno ya kitalu kimoja hayadumu sana, yamkini wiki tatu au nne. Basi apendaye kula muda mrefu asipande mbegu zote siku moja, bali apande mstari mmoja kila baada ya wiki tatu, na msimu ufuatao ahamie kitalu kingine ambacho hakikuwa na maharagwe wala kunde.