Jinsi Rangi na Vipimo Vinavyotoka kwa Msanifu Kwenda kwa Mwandishi wa Programu

Wengi wetu hutumia simu kila siku bila kujiuliza kwa nini vitufe vyote vya programu moja vina rangi ileile na ukubwa uleule. Jambo hili halitokei lenyewe. Wako watu wawili wanaolifanya: msanifu, achoraye kurasa, na mwandishi wa programu, aziandikaye kwa lugha ya kompyuta. Nataka kueleza jinsi wawili hawa wanavyopashana habari bila kupotezana.

Tumfikirie fundi cherehani ashonaye sare za shule. Akikadiria kwa macho, mashati mia moja hayatafanana. Lakini vipimo vikiandikwa daftarini, hata mafundi watano watashona sare moja. Tokeni ya usanifu ni kama mstari mmoja wa daftari hilo: ina jina, na mbele ya jina ina thamani. Jina laweza kuwa "rangi ya kitufe", na thamani yake #2E7D32, ambayo ni kijani. Alama hizo sita ni hesabu ya kizio cha kumi na sita: mbili za kwanza zaonyesha kiasi cha nyekundu, mbili za kati kijani, na mbili za mwisho buluu. Kwa hiyo 7D ni 7 mara 16, ukijumlisha 13, yaani 125 kati ya 255.

Sasa nieleze safari ya tokeni. Kwanza, msanifu huandika thamani zake katika zana ya kuchorea. Figma, zana itumiwayo na wengi, ilipata sehemu ya kazi hiyo mwaka 2023, nayo thamani hizo huitwa vigeu. Pili, hutolewa nje, mara nyingi kwa programu-jalizi, zikawa faili la maandishi la JSON. Humo kila tokeni hutajwa jina, aina na thamani. Mwezi wa Oktoba 2025 kikundi kilicho chini ya W3C kilitoa toleo la kwanza imara la kanuni za faili hilo, ili zana mbalimbali zipate kusomana. Tatu, programu kama Style Dictionary hulisoma faili na kuligeuza liwe msimbo: CSS kwa tovuti, na namna nyingine kwa simu za Android na iPhone.

Hapo katika kugeuza ndipo penye kutaka uangalifu. Figma huandika namba 16 bila kutaja kipimo. Katika CSS hapana budi iwe pikseli 16 au kipimo kingine kinachojulikana. Jina "rangi/kitufe" nalo hubadilika kuwa "--rangi-kitufe". Tena, mtu asisahihishe faili lililozalishwa na mashine, kwa maana likizalishwa upya masahihisho yake yatafutika. Marekebisho yafanywe kwenye chanzo.

Huenda mzazi akauliza, yote haya yana faida gani? Kanuni za WCAG zataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Maandishi meupe juu ya kijani hafifu cha #4CAF50 hayafikii hata 3 kwa 1. Mzee aliyeshika simu juani aweza kukosa kulisoma neno "Lipa" au "Ghairi", na fedha zake zikaenda asikotaka. Juu ya #2E7D32 maandishi hayo hupita 5 kwa 1, naye atasoma. Ikiwa rangi ile hafifu imeandikwa kwa mkono mahali mia mbili, anayeirekebisha aweza kusahau mahali pamoja, na huenda ndipo penye kitufe cha kulipia. Ikiwa ni tokeni, hubadilishwa mstari mmoja tu, faili likatolewa upya, na kurasa zote zikafuata.

Basi, wenzangu, tusidharau somo la vizio vya hesabu kwa kudhani ni la mtihani tu. Anayependa kujaribu hahitaji zana ya fedha nyingi. Aandike majina matano na thamani zake katika daftari, kisha ayatumie hayo tu katika ukurasa wake wa kwanza wa tovuti. Siku atakapotaka kubadili rangi, ataona faida yake.