Turbo na vumbi la Garsen: Chujio lipi litaokoa injini?

MWENYE gari dogo la turbo anayesafiri kutoka Malindi kwenda Garsen huenda akadhani kwamba hana sababu ya kuhofia vumbi. Barabara ni ya lami, na hata ile inayovuka Mto Tana kuelekea Witu na Lamu imekwisha kuwekwa lami. Hatari huanza anapoiacha barabara kuu na kushika njia za udongo zinazoelekea Ngao, Wema, Kipini na vijiji vingine vya delta.

Huko, wakati wa kiangazi, udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka, kisha husagwa na magurudumu hadi ukawa laini kama unga. Lori moja likipita, wingu la vumbi hubaki hewani kwa muda, na gari linalofuata nyuma halina budi kuvuta hewa hiyo. Mvua zikija, udongo huo huo hugeuka tope, na mto ukifurika njia hufunikwa na maji.

Kwa hiyo, gari linalotumika Tana River lina maadui wawili wa hewa inayoingia ndani ya injini, yaani vumbi na maji. Tatizo ni kwamba vifaa vingi vinavyouzwa mijini kwa ajili ya magari ya turbo hupunguza kinga dhidi ya maadui hao, badala ya kuiongeza.

Magari ya aina hii yameongezeka nchini. Mbali na Subaru Forester na Impreza za turbo zilizozoeleka kwa miaka mingi, yapo magari madogo kama Volkswagen Golf yenye injini za lita 1.2 na 1.4, pamoja na pikapu na magari ya abiria yanayotumia dizeli. Mengi huingia nchini yakiwa yametumika ng'ambo, kwenye barabara zisizo na vumbi kama la delta ya Tana.

Turbo ni nini?

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka katika injini. Ya pili, iliyo upande wa pili wa mhimili, huvuta hewa safi kutoka nje na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huweza kuchomwa, na hivyo injini ndogo hutoa nguvu za injini kubwa.

Katika gari dogo, mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika moja. Mapanga ya feni inayovuta hewa aghalabu hutengenezwa kwa alumini, ilhali mchanga una chembe zilizo ngumu kuliko alumini. Kwa mwendo huo, kila chembe inayogonga ncha za mapanga hufanya kazi ya msasa.

Madhara hayaishii kwenye turbo. Vumbi linalopita hapo huingia kwenye silinda, likachanganyika na mafuta ya kulainisha na kukwangua kuta za silinda pamoja na ringi za pistoni. Injini iliyofikia hali hiyo huanza kula oili, kutoa moshi na kupoteza nguvu. Kubadilisha chujio wakati huo hakurudishi chuma kilichokwisha kulika.

Kiasi cha hewa kinachohusika ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kuchoma lita moja ya petroli huhitaji takriban lita 9,500 za hewa. Safari ya Malindi hadi Garsen ni ya kilomita zipatazo 110. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita huvuta katika safari hiyo zaidi ya lita 100,000 za hewa, yaani sawa na matangi kumi ya maji yenye ujazo wa lita 10,000 kila moja. Hewa yote hiyo lazima ipite katika chujio moja.

Aina za machujio

Chujio linalokuja na gari kutoka kiwandani kwa kawaida ni la karatasi maalumu iliyokunjwa mikunjo mingi, likikaa ndani ya sanduku la plastiki lililofungwa pande zote. Chujio bora la aina hii huzuia zaidi ya asilimia 99 ya vumbi linapopimwa katika maabara. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba karatasi iliyoshika vumbi kiasi huchuja vizuri zaidi kuliko mpya, kwa sababu vumbi lenyewe huziba matundu makubwa. Ubaya wake ni kwamba hewa hupita kwa shida kadiri uchafu unavyozidi.

Aina ya pili ni chujio la pamba lililopakwa oili, ambalo huweza kuoshwa na kutumika tena. Hupitisha hewa kwa urahisi, na ndiyo maana hupendwa na vijana wanaotafuta nguvu zaidi. Lakini urahisi huo mara nyingi hulipiwa kwa kuruhusu vumbi laini zaidi kupita. Isitoshe, likipakwa oili kupita kiasi, matone huweza kufika kwenye kihisi kinachopima hewa na kuipotosha kompyuta ya gari. Likipakwa kidogo mno, vumbi hupita.

Aina ya tatu ni sponji yenye oili. Hubeba vumbi jingi kabla ya kuziba, na kwa sababu hiyo hutumiwa sana katika pikipiki za mashindano ya nyikani. Hata hivyo, huhitaji kuoshwa mara kwa mara kwa uangalifu. Sponji iliyokauka au iliyochakaa humeguka, na vipande vyake huvutwa na turbo.

Upo pia mtindo wa kuondoa sanduku zima na kufunga chujio lenye umbo la pia, likiwa wazi chini ya boneti. Mlio wa turbo husikika zaidi, na mwenye gari huamini kwamba amepata nguvu. Ukweli ni kwamba chujio hilo, kama halikukingwa, huvuta hewa ya moto iliyo karibu na injini, na hewa ya moto ina oksijeni kidogo kwa ujazo ule ule. Vumbi linalorushwa na magurudumu nalo hulifikia bila kizuizi. Katika joto la Garsen, huo ni mpango wenye hasara mbili.

Wengine hushusha chujio hadi nyuma ya bampa ili lipate hewa baridi. Katika barabara kavu ya lami, wazo hilo lina mantiki. Katika bonde la mto unaofurika, linaweza kuiua injini kwa dakika moja.

Maji hayashindiliki

Pistoni hushindilia hewa kila inapopanda. Maji hayashindiliki. Katika injini ya dizeli ya lita mbili yenye silinda nne, nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni ni kama mililita 33 tu, sawa na vijiko viwili vikubwa vya chakula. Maji yakizidi kiasi hicho katika silinda moja, pistoni hugota na mkono wake hupinda au kuvunjika, pengine ukatoboa ubavu wa injini.

Wakazi wa delta wanajua kwamba maji hayo hayasubiri mvua inyeshe Garsen. Mto Tana hupokea maji kutoka nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, na mabwawa ya juu kama Masinga na Kiambere yakijaa na kumwaga, mafuriko hushuka hadi nyanda za chini hata kama mbingu ya huko ni nyeupe. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 nayo yalikata mawasiliano ya barabara katika eneo hilo, na Aprili 2024 basi lililokuwa na abiria 51 lilisombwa na maji katika barabara ya kuelekea Garissa. Abiria waliokolewa.

Magari makubwa ya nyikani hufungwa bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Bomba hilo husaidia katika vumbi pia, kwa kuwa hewa ya juu huwa safi kuliko ile iliyo karibu na magurudumu. Hata hivyo, halina maana iwapo viungo vyake havikuzibwa sawasawa, au iwapo sanduku la chujio lina tundu la kutolea maji lisilo na kifuniko chake. Wala haligeuzi gari dogo kuwa mashua. Maji ya kina cha sentimita 30 yanatosha kuelea magari mengi madogo na kuyasukuma nje ya barabara.

Chaguo linalofaa

Kwa gari la kawaida la turbo linalotumika mjini na kuingia Tana River mara kwa mara, chaguo la busara si la kifahari. Ni kubaki na sanduku la kiwandani lililofungwa, kuweka ndani yake chujio jipya la karatasi lililotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, na kuhakikisha kwamba mdomo wa kuvutia hewa uko pale ulipowekwa na mtengenezaji, kwa kawaida juu karibu na rejeta au nyuma ya taa.

Hapo ndipo magari mengi yaliyotumika huwa na kasoro. Bomba la plastiki linaloleta hewa kwenye sanduku huvunjika katika ajali ndogo, kisha hutupwa kwa kuwa gari huendelea kutembea bila hilo. Plastiki zinazofunika ndani ya madigadi nazo hung'oka. Kuzirudisha ni kinga kubwa kuliko chujio lolote la bei ghali.

Uwazi ulio juu ya boneti ya Subaru nyingi za turbo nao huwachanganya wengi. Uwazi huo hauleti hewa ya kuchomwa katika injini, bali hupoza kipozeo cha hewa iliyokwisha kushindiliwa na turbo. Kuuziba kwa kitambaa ili kuzuia vumbi hakulindi silinda, ila hupandisha joto la hewa na kupunguza nguvu.

Jambo muhimu kuliko yote ni viungo. Kati ya chujio na turbo, bomba liko katika hali ya kuvuta. Ufa mdogo au klipu iliyolegea hapo huingiza vumbi ambalo halikupita kwenye chujio kabisa. Kati ya turbo na injini, bomba liko katika hali ya kusukuma, hivyo ufa wa hapo hutoa hewa nje, na dalili yake ni kupungua kwa nguvu, mluzi, au moshi mweusi kwa gari la dizeli. Ufa wa kwanza hauna kelele, na ndio unaoua.

Njia ya kuupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, bomba lililo baada ya chujio hufunguliwa na kupanguswa ndani kwa kitambaa cheupe. Utando mwembamba wa oili si ajabu, kwa kuwa mvuke wa oili hupitishwa humo. Kitambaa kikitoka na vumbi au uji wa kahawia, hewa chafu inapita, na chanzo lazima kitafutwe kabla ya safari nyingine.

Matunzo

Muda wa kubadilisha chujio ulioandikwa katika kitabu cha gari ni wa mazingira ya kawaida. Watengenezaji wengi huagiza muda huo ufupishwe panapokuwa na vumbi. Baada ya safari ya njia za udongo, sanduku lifunguliwe na chujio likaguliwe. Kuliacha lizibe nako kuna madhara, kwani turbo inayovuta kwa shida huweza kunyonya oili yake yenyewe na kutoa moshi wa buluu.

Tabia ya kupuliza chujio la karatasi kwa upepo wa mashine ya kujazia magurudumu ni ya kuepukwa. Nguvu ya upepo huo huweza kutoboa matundu yasiyoonekana kwa macho. Kulipigapiga kwenye gurudumu hupindisha mpira wa ukingoni, na vumbi hupata njia ya pembeni. Chujio lililolowa maji litupwe, kwani karatasi iliyolowa hupoteza nguvu na huweza kuraruka na kuvutwa.

Barabarani, kinga ya bure ni umbali. Dereva anayekaa nyuma sana ya lori, akangoja wingu litue kabla ya kupita, huipunguzia chujio kazi na huona vizuri zaidi mbele yake.

Gari likizimika ndani ya maji, lisiwashwe tena hata mara moja. Livutwe hadi pakavu, chujio likaguliwe, na likikutwa limelowa, fundi afungue plagi ili maji yatoke kabla injini haijazungushwa. Mara nyingi injini huwa bado nzima gari linapozimika. Huvunjwa na jaribio la pili la kuliwasha.

Katika delta, gari moja huwa ndilo linalobeba mgonjwa kwenda Malindi usiku, mwanafunzi anayerudi shuleni na mzigo wa duka. Turbo ikifa katikati ya njia, hasara haimpati mwenye gari peke yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bomba la hewa la gari la turbo, ufa huo huweza kuzibwa kwa klipu moja iliyokazwa mapema.