Kondoa 1916: jeshi lililoisha bila kupigana sana

Februari 1916, batalioni ya 9 ya askari wa miguu kutoka Afrika Kusini ilikuwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba mwaka huohuo, waliokuwa na afya ya kufanya kazi walikuwa 116. Ukisoma namba hizo unawaza vita kali sana. Kumbe wala. Batalioni hiyo ilipigana kidogo tu. Ilikuwa chini ya Jenerali van Deventer, ambaye divisheni yake ilitoka upande wa Kilimanjaro, ikaingia Kondoa mwezi Aprili katikati ya masika, ikafika Dodoma na kukamata reli tarehe 29 Julai. Kilichoimaliza ni malaria, kuhara damu na njaa.

Mimi nimesoma Dodoma miaka kadhaa, na barabara ya Kondoa naijua kwa basi la lami. Ukiwa umekaa dirishani ni vigumu kuamini kwamba barabara hii iliwahi kulaza jeshi zima. Lakini fikiria hali ilivyokuwa: mvua imekata madaraja, mikokoteni imezama kwenye matope, farasi wanakufa kwa ndorobo na magonjwa mengine, chakula kinafika nusu au hakifiki kabisa. Askari aliyepungukiwa chakula anaumwa na mbu usiku, na asubuhi anakunywa maji ya dimbwi ambalo wenzake walipita jana. Hapo hauhitaji risasi.

Sasa kuna ugonjwa mmoja ambao nataka tukae nao kidogo, maana ni wa kwetu kabisa hapa kati: homa ya papasi.

Papasi ni jamaa ya kupe, ila tabia zake ni tofauti na za kupe wa ng'ombe. Kupe wa ng'ombe anang'ang'ania mwilini siku nyingi. Papasi anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta, mule ndani ya tembe na vibanda vya wasafiri. Usiku anatoka, ananyonya damu kwa muda mfupi, kama nusu saa hivi, halafu anarudi kwenye ufa wake. Asubuhi unaamka humuoni. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, hata miaka, kwa hiyo kibanda kilichoachwa bado kina wenyeji wake wanaokusubiri. Na papasi jike mwenye vimelea anaweza kuvirithisha mayai yake.

Vimelea hivyo ni bakteria mwembamba aliyejipinda kama springi, anaitwa Borrelia duttonii. Ukiumwa, baada ya wiki moja hivi homa inapanda kwa kishindo: kichwa, viungo, kutapika. Baada ya siku chache inashuka, unajiona umepona, unarudi kazini. Siku chache tena, hiyo hapo! Inarudi kwa sababu bakteria anabadilisha "nguo". Mwili wako unatengeneza kinga dhidi ya protini za juu ya ngozi yake, unawaua wengi, lakini wachache wameshavaa protini nyingine ambazo kinga yako haizitambui. Hao wanazaliana, na mchezo unaanza upya. Kwinini, ambayo ndiyo ilikuwa dawa kuu ya homa wakati ule, haimfanyi kitu, kwa sababu si malaria.

Na jambo ambalo lilinikera nilipolisoma ni hili: habari hizi zilijulikana kabla ya vita. Mwaka 1905 Robert Koch, yule Mjerumani wa kifua kikuu, alikuwa hapahapa katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani akichunguza papasi kwenye vituo vya misafara. Aliona vimelea hadi ndani ya mayai yao. Njia ya kujikinga ilikuwa rahisi: usilale ndani ya kibanda cha zamani, usipige kambi mahali palipolalwa na misafara, na lala juu ya kitanda, si chini. Haina gharama kubwa, wala haihitaji hospitali.

Basi nani aliilala hiyo kanuni? Ofisa mwenye hema na kitanda cha kukunja. Mpagazi alilala chini, popote penye paa, mara nyingi bila blanketi.

Wapagazi ndio waliobeba vita hivi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Hesabu rasmi za upande wa Waingereza peke yake zinafika zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo. Wengi waliuawa na maradhi. Tena maradhi mengine yalitoka kwenye sufuria: watu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, muda wa kupika haupo, kuni zimelowa, wanakula ugali mbichi. Tumbo likiharibika katika kambi isiyo na vyoo vya shimo, wiki hiyohiyo kambi nzima inaharisha. Walipoanza kupewa muda wa kupika na vyombo vya kupikia, hali ilikuwa nafuu. Yaani "dawa" ilikuwa saa moja ya jikoni.

Raia nao hawakuachwa. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua zikakosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, na ndani yake ikapita homa ya mafua ya 1918. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wilayani Dodoma walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Ukizungumzia afya ya jeshi bila kuwataja hawa, hesabu yako haijakamilika.

Turudi leo. Mimi nilipita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Kambi siitaji. Hanga letu lilikuwa limejaa, vitanda vimebanana kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamgusa mwenzako usoni, na madirisha tulikuwa tunayafunga wenyewe kwa sababu ya baridi. Kuruta mmoja akianza kukohoa Jumatatu, Ijumaa kombania nzima inakohoa wakati wa mchakamchaka. Tulidhani ni vumbi.

Baadaye nikakutana na kazi ya daktari wa jeshi la Uingereza, J. A. Glover, aliyeshughulikia homa ya uti wa mgongo kwenye kambi ya Caterham wakati wa vita hivyohivyo vya kwanza vya dunia. Bakteria wa ugonjwa huu hukaa kooni kwa watu wengi ambao wenyewe hawaumwi. Glover aliwapima askari makooni na akaona kwamba vitanda vikisogezwa karibu, wanaobeba bakteria wanaongezeka, na wakiongezeka sana wagonjwa wanafuata. Vitanda vikatenganishwa angalau futi mbili na nusu, sawa na sentimita 76, na hewa ikaruhusiwa kupita. Wabebaji wakapungua. Leo kuna chanjo, lakini nafasi kati ya vitanda inazuia pia mafua na kifua kikuu, ambavyo chanjo ya uti wa mgongo haivigusi.

Malaria nayo ina mtego wake kwa vijana wa Dodoma. Mkoa wetu ni kati ya ile yenye malaria kidogo nchini. Ni habari njema hadi siku unapopangiwa kambi Kigoma au Mtwara, au ukiwa mwanajeshi, unapopelekwa mashariki mwa Kongo, ambako askari wetu wamekuwa wakilinda amani tangu 2013. Kinga ya malaria hujengeka kwa kuambukizwa mara kwa mara, na ukikaa mbali nayo inapungua. Mtu wa Chamwino anaweza kulazwa na homa ambayo mwenyeji wa Kigoma ataiita uchovu. Chandarua kiingie kwenye begi kabla ya viatu.

Na papasi bado yupo. Utafiti uliofanyika Mvumi, hapa jirani, na kuchapishwa 1998, ulionyesha kwamba kunyunyizia dawa nyumba zenye papasi kunapunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nyumba za saruji zimempunguzia makazi, lakini sakafu za udongo hazijaisha, na wakiwa porini makuruta bado wanaweza kujihifadhi kwenye banda lolote watakalolikuta. Ukitoka kulala mahali kama hapo ukapata homa inayokuja na kuondoka, na kipimo cha haraka kinasema huna malaria, mwambie daktari ulilala wapi na uombe damu iangaliwe kwa hadubini wakati homa ikiwa juu. Homa ikishuka, bakteria wanakuwa wachache mno kwenye damu na wanaweza wasionekane. Wakionekana, wanatibika kwa antibiotiki za kawaida kama doksisaiklini, ila saa za mwanzo baada ya dozi ya kwanza homa inaweza kupanda kwa nguvu kabla ya kushuka, kwa hiyo dozi hiyo imezwe kituoni, si hangani.