Ua la milimani haliuawi na baridi bali na maji

WATU wengi wanaopanda maua ya milimani kwenye bustani za mawe hudhani kuwa adui yao ni baridi. La hasha! Mmea uitwao Sempervivum tectorum, wenye asili ya milima ya Ulaya, hustahimili theluji na kubaki kijani mwaka mzima. Kinachouangamiza ni maji yanayotuama mizizini.

Majani yake manene huhifadhi maji, ndiposa watu wa Ulaya tangu zamani waliuotesha hata juu ya mapaa. Neno tectorum katika Kilatini lina maana ya ‘wa mapaa’.

Chagua mahali penye mteremko na jua jingi. Changanya udongo na mchanga mwingi na kokoto, upande mche katikati ya mawe, kisha tandaza kokoto chini ya majani yasiguse unyevu. Usitie mbolea nyingi.

Usishtuke mmea ukichanua kisha ukanyauka. Kila shada la majani huchanua mara moja tu, lakini aghalabu huwa limeacha machipukizi kando yake. Yang’oe uyapande kwingineko.