Jeraha la Moyo Baada ya Mawindo

Mtu arudipo kutoka mawindoni huku damu inamtoka, jamaa zake humkimbilia kwa maji na kitambaa. Lakini arudipo mzima wa mwili, na moyo wake umejaa hofu, nani amwonaye? Leo nataka kusema nanyi juu ya jeraha hilo lisiloonekana.

Mwaka 1844 Daktari David Livingstone alikuwa akikaa Mabotsa, Afrika ya Kusini. Simba walikuwa wakiwaua ng'ombe na kondoo wa wenyeji, basi watu wakatoka kwenda kuwasaka. Livingstone akampiga mmoja risasi. Lakini alipokuwa akiishindilia bunduki mara ya pili, simba akamrukia, akamwuma mkono karibu na bega. Mwalimu mmoja Mwafrika, jina lake Mebalwe, akalenga bunduki yake, isilie. Simba akamwacha Livingstone, akamwuma Mebalwe pajani. Mtu wa tatu akaja na mkuki, naye akaumwa begani. Ndipo simba akaanguka, akafa kwa risasi alizopigwa kwanza.

Livingstone alivunjika mfupa wa mkono. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka 1857 aeleza kwamba, alipokuwa chini ya simba, hakusikia maumivu wala hofu. Alikuwa kama aotaye, na huku akijua yote yaliyotendeka.

Waganga wa leo walijua jambo hilo. Hatari kubwa ikimfikia mtu, pengine hisia zake hufa ganzi kwa kitambo. Hofu huja baadaye, hasa usiku. Aliyesalimika hushtuka kijiti kikivunjika, humwona mnyama yule yule ndotoni, huikwepa njia ile. Mwingine hujilaumu kwa ajili ya mwenzake aliyeumia. Huo si woga, wala wazimu, wala uchawi.

Afanyeje basi? Ale, apumzike, arudie kazi zake za kila siku. Amsimulie mtu amwaminiye, wakati atakapo mwenyewe. Asilazimishwe, wala asichekwe. Asiitafute dawa katika pombe, maana pombe huharibu usingizi na kuzidisha majonzi. Wala asikimbilie kurudi porini ili kuonyesha ushujaa. Kwa watu wengi mambo haya hupungua baada ya majuma machache. Yakipita mwezi mmoja, aende hospitali; na akiwaza kujiua, apelekwe siku hiyo hiyo.

Mkono wa Livingstone haukuunga vema. Alipokufa mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliichukua maiti yake mpaka Bagamoyo. Na huko Uingereza mwaka 1874 ilitambulikana kwa mfupa ule. Kovu halikuondoka, lakini kwa miaka karibu 30 halikumzuia kusafiri.

Siku ile waliumwa watu watatu, na mmoja tu ndiye aliyeandika kitabu. Katika kijiji chako, ni nani aliyerudi kutoka porini akanyamaza? Mwendee, keti naye.